Homa ya Gari la Babu

Wiki iliyopita gari langu liliniwashia taa nyekundu nilipokuwa nakaribia Arua. Taa tu, ndogo, haina hata adabu ya kueleza shida ni nini. Nikaingia gereji ya kwanza niliyoiona. Kijana fundi akachomeka kidude chini ya usukani, akatazama simu yake, akasema, "Madamu, iko feni. Feni haizunguki." Soda niliyonunua ilikuwa bado haijafunguliwa, na boneti nayo ilikuwa bado imefungwa.

Alipoifungua ndipo harufu ikanijia: maji ya rejeta yaliyochemka, mpira wa moto, vumbi linaloungua juu ya chuma. Rafiki yangu, wapo watu wanaokumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi, na maandazi mimi pia nayakumbuka sana. Lakini harufu inayonirudisha Koboko, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, uani kwa bibi yangu, nikiwa na magoti yenye vumbi na masikio yaliyojaa ubishi wa watu wazima, ni hiyo ya gari linalochemsha. Nikakaa juu ya tairi kuukuu nikaanza kucheka peke yangu, na yule kijana akawa ananitazama kwa jicho la pembeni.

Kilichonichekesha ni ukimya. Gari limechemsha, na hakuna mtu anayebishana! Kwetu gari likichemsha mtaa mzima ulikuwa na maoni, na wasio na maoni walikuja kusikiliza ya wengine.

Bibi yetu, mama yake baba, tulimwita Haboba, kama walivyoitwa mabibi wengi wa familia za jeshi pale Koboko. Babu alikuwa dereva wa jeshi. Alipostaafu alirudi nyumbani na gari la Kijerumani rangi ya chai ya maziwa, kuukuu tayari lakini lenye kung'aa, na lilikuwa gari la injekta. Hilo neno tulilitamka kama watu wengine wanavyotamka cheo. Magari mengine yote ya mtaani yalikuwa ya kabureta, au malori ya dizeli ya wafanyabiashara wanaovuka mpaka. Letu lilijipimia petroli lenyewe na kuinyunyiza lenyewe, na Babu alikuwa akiwaeleza wageni jambo hilo hata kabla ya kuwakaribisha kiti.

Babu alipofariki watu walidhani gari litauzwa. Haboba akachukua funguo, akaweka mto juu ya kiti ili aone mbele, akaondoka nalo kwenda sokoni. Babu alikuwa amemfundisha kuendesha zamani kambini, na alikuwa dereva mzuri kuliko wanawe wote, jambo ambalo hakulificha. Shida yake ilikuwa macho. Vitu vya mbali aliviona vizuri. Alipenda kusema kwamba anaweza kuhesabu mbuzi walioko Kongo. Vya karibu vilimshinda. Kwa hiyo alinihitaji mimi. Nilikaa kiti cha mbele, pembeni yake, na kazi yangu ilikuwa kumsomea mshale wa joto.

"Soma," angesema.

"Chini, Haboba."

Baada ya muda: "Soma."

"Katikati."

Usidhani nilikuwa abiria. Mimi nilikuwa macho ya gari, na watoto wenzangu walilijua hilo kwa sababu niliwaambia kila siku.

Safari zetu zilikuwa za furaha. Siku za soko tulikwenda Ludara kununua karanga na simsim kwa wakulima, magunia yakajaa kiti cha nyuma, na tukarudi gari zima likinuka karanga mbichi zenye udongo. Haboba hakupenda kuimba nyumbani, lakini ndani ya gari aliimba. Aliwapigia honi waendesha boda waliokaa katikati ya njia, kisha akawasalimia kwa heshima walipopisha, akiwaulizia mama zao mmoja mmoja.

Ndipo homa ikaanza. Kwanza gari lilichemsha kwenye mpando wa Maracha, tukasema ni mpando. Kisha likachemsha kwenye tambarare, tukasema ni jua. Lilipochemsha siku ya mawingu tukakosa wa kumsingizia. Na ajabu ni kwamba asubuhi lilikuwa kinyume kabisa: mshale ulikataa kuinuka, injini ikakaa baridi kwa muda mrefu, ikitoa moshi mweusi na kunywa petroli bila haya. Halafu likishabeba mzigo na kuuona mpando, mshale unapanda moja kwa moja hadi kwenye nyekundu, na mimi napiga kelele, "Haboba, umepita! Umepita!" Tunasimama kando ya njia, boneti juu, mvuke unafuka, watoto wa kijiji wanatoka mashambani kututazama.

Jambo hilo lingekuwa kero tu kama shangazi yangu asingekuwa anaolewa.

Shangazi alikuwa kitinda mimba wa Haboba, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Alikuwa amepata mchumba Arua, mtu wa Onduparaka, kijana mpole ambaye upole wake uliisha mpira ulipoanza. Harusi ilikuwa imepangwa, na kwetu kulikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyethubutu kulichezea. Bibi harusi akishapanda gari mlangoni kwa mama yake, miguu yake haigusi ardhi tena mpaka mlangoni kwa mume. Na injini haizimwi njiani. Kulikuwa na binti mmoja wa mtaa wa juu aliyeshushwa katikati ya safari kwa sababu ya pancha, na hata miaka mingi baadaye mumewe alipochelewa kurudi nyumbani, watu walisema ni ile pancha.

Watu wa bwana harusi walikuwa na pikapu mpya, wakajitolea kuileta. Baba yangu, ambaye aliuza vitenge sokoni na alipenda mambo yapite kwa amani, akaona ni jambo la heri. Haboba alikataa. Babu, siku za mwisho wa ugonjwa wake, alikuwa amemwahidi Shangazi kwamba atatoka nyumbani kwa gari la baba yake.

"Mama, hii gari itatuaibisha," Baba alimwambia. "Iko mugonjwa."

"Mugonjwa anatibiwa," Haboba akajibu. "Baba yake alisema atamutoa na hii gari. Baba yake iko kaburi, lakini gari iko hapa."

Shangazi mwenyewe alinyamaza, na kwa Shangazi kunyamaza kulikuwa ugonjwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba akiosha vioo vya gari ambavyo vilikuwa safi tayari. Ndipo nilipojua, hata kwa akili yangu ya kitoto, kwamba hakuhuzunika kwa ajili ya pikapu wala kwa ajili ya watu watasema nini. Alitaka kutoka na baba yake.

Mwishowe mama na mwana wakakubaliana: gari litatibiwa, kisha litajaribiwa hadi Ludara na kurudi. Likichemsha hata mara moja, pikapu ije.

Sasa waganga wakaanza kumiminika. Wa kwanza alikuwa Baba mwenyewe. Aliiosha rejeta kwa sabuni, akatoa panzi, mbegu za nyasi na maganda ya karanga, na hadi hapo alifanya vyema. Kisha akaliona lile duara la plastiki linalozunguka feni, akaamua kwamba linazuia upepo, akaling'oa. Likawekwa chini kando ya ukuta, na kuku mmoja akaanza kutagia ndani yake.

Wa pili alikuwa jirani yetu, afande mstaafu aliyewahi kuendesha malori ya jeshi pamoja na Babu. Alitembea akiwa ameikunja mikono nyuma na kusema kila kitu kama amri. Yeye aligundua kwamba maji yanakosa pumzi. "Kifuniko ya rejeta msikaze," aliagiza. "Maji iko kama askari. Ukimufungia ndani sana, atatoroka." Tukalegeza kifuniko, na safari iliyofuata maji yakachemka mapema zaidi na kutorokea juu ya kioo.

Wa tatu alikuwa fundi wa Koboko, mtu mnene mwenye kicheko kizuri, aliyezaliwa na kukulia ndani ya kabureta. Aliutazama ule moshi mweusi wa asubuhi akasema gari linashiba petroli kupita kiasi, na kushiba ndiko kunakoleta joto. Akatafuta skrubu fulani ya kupunguzia, akaikaza. Moshi ukakonda, sote tukampigia makofi, na gari likawa linakohoa na kuchemsha kabla hata ya kufika kituo cha mafuta.

Wa nne, na hapa lazima niseme kweli, alikuwa Haboba. Birika lake la chai likishika ukoko wa chokaa alilichemshia ukwaju, likatakata. Aliona rejeta nayo ni birika. Alichemsha ukwaju sufuria nzima, akaumimina, na kwa muda fulani gari letu likafukiza harufu tamu ya togwa iliyoungua kote lilikopita. Boda walitusindikiza kwa kunusa.

Siku zilikuwa zinayoyoma. Wanawake walikuwa wameanza kuja jioni kumpaka Shangazi hina na kumsuka, na kila aliyeingia aliuliza kwanza habari za gari. Jikoni simsim ilikaangwa na kutwangwa, kisra zilimiminwa juu ya bamba la moto na kukunjwa zikiwa nyembamba kama kitambaa, na sisi watoto tulikula zilizochanika. Nilichana kadhaa mwenyewe. Lakini Haboba alikuwa amepoteza hamu ya kula, na Baba alikuwa ameanza kusema "pikapu" bila kushusha sauti.

Ndipo asubuhi moja Haboba akawaita waganga wote uani, akawapa chai ya tangawizi, akasimama mbele yao.

"Mutu akipewa dawa ya watu mingi, nani atajua ugonjwa yake?" akauliza. "Leo kila mutu aondoe dawa yake. Mimi naanza."

Akamwaga ukwaju wake wote, akatusimamia tukisuuza rejeta, akajaza maji safi ya mvua kutoka kwenye pipa. Baba akaenda kumfukuza kuku na kulirudisha duara la feni mahali pake, akigundua kwamba linaelekeza upepo badala ya kuuzuia. Jirani akakaza kifuniko huku akitazama pembeni. Fundi, kwa bahati, alikuwa ameweka alama kwenye ile skrubu kabla ya kuigusa, akairudisha palepale ilipokuwa. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona wanaume wazima watatu wakitengua kazi yao wenyewe, na hakuna aliyekufa.

Gari likawashwa. Likaachwa lingurume, Baba akalipeleka mpandoni na kulirudisha, na homa ikawa ile ile ya mwanzo: baridi asubuhi, moto mpandoni. Haboba hakukata tamaa. "Vizuri," akasema. "Sasa tunaona ugonjwa yenyewe."

Fundi akainama juu ya injini. Bila zile dawa zilizorundikwa, alianza kufikiri upya, akiifuata mipira ya maji mmoja mmoja kwa kidole na kutueleza: huu unapeleka maji kwenye rejeta, huu unayarudisha, na huu mdogo unakwenda kwenye hita, rejeta ndogo ya pili, iliyowekwa kuwapasha joto watu wa Ulaya wakiwa ndani ya gari.

"Kujipasha ndani ya gari!" Haboba akasikitika. "Watu wa Ulaya wanateseka."

Mkono wa fundi ulikuwa mnene, haukupita chini ya rejeta, akaniita mimi. Niligusa juu, pa moto. Nikateremsha mkono hadi chini kabisa, nikashangaa. "Huku iko baridi," nikasema. Fundi hakuamini. Baba akajaribu, akakubali. Injini ilikuwa inaungua, na chini ya rejeta palikuwa poa kama mtungi uliokaa pembeni. Maji ya moto yalikuwa hayaendi kupozwa. Yalikuwa yanakwenda wapi?

"Iko na njia ya mkato," fundi akasema polepole. Akaonyesha mlango mfupi ambao maji hurudia ndani ya injini bila kupitia rejeta. "Hii njia inafaa kufungwa injini ikipata moto. Thamostati, kile kidude ya kusikia joto, ndiyo inafunga." Akainua kichwa. Kisha akauliza, "Mutu gani mwingine aligusa hii gari?"

Jirani yetu, afande, akakohoa. Akakohoa tena. Akasema kwamba zamani, wakitoka Arua na Babu, walisimama kando ya njia wakafungua kile kidude na kukitoa. Madereva wote wa jeshi walikuwa wakikitoa kwenye malori yao. Ni kitu cha baridi ya Ulaya, walisema, huku kwetu kazi yake nini?

"Ulitoa wewe?" Haboba akauliza.

"Niliambiwa kutoa."

"Nani alikuambia?"

Jirani akatazama chini. "Bwana yako, mama. Alisema injini itapoa zaidi."

Nilidhani Haboba atakasirika. Akaanza kucheka, kwanza polepole, kisha akashika boneti ili asianguke, machozi yakimtoka. "Huyu mwanamume!" akasema. "Iko chini ya udongo na bado anabishana na mimi!"

Fundi akaeleza, na mimi nilielewa kwa sababu kilikuwa kitu cha kueleweka na mtoto yeyote aliyewahi kutumwa dukani. Maji, yakipewa njia ndefu na njia fupi, hupita fupi. Thamostati ilipoondolewa, hakukuwa na wa kuyafungia ile fupi. Kwa hiyo mengi yalizunguka humo humo, yakizidi kupata moto kila mpando. Zamani rejeta ilikuwa na nguvu ya kupoza hata machache yaliyoifikia, lakini ilipozeeka ikazidiwa. Na asubuhi, injini ikiwa baridi, machache yalikuwa tayari yanazurura rejetani wakati yangepaswa kungoja ndani. Injini ikachelewa kupata joto, na injekta, ikidhani bado ni baridi, ikazidisha petroli. Moshi mweusi na mvuke mweupe vilikuwa na mama mmoja.

Wanajeshi hawatupi kitu. Jirani alikwenda nyumbani kwake akarudi na kopo la misumari, na ndani yake, chini kabisa, kilikuwepo: kidude cha shaba chenye springi, cha kuenea kiganjani. Kilikuwa kimechafuka, na fundi alisema hawezi kukirudisha bila kujua kama bado kizima.

Haboba akaweka sufuria ya maji juu ya sigiri ya makaa. Tukakining'iniza kwa uzi katikati ya maji, na uani wote ukaja kuinama juu ya sufuria: wapaka hina, wapika kisra, Baba, jirani, watoto. Shangazi, ambaye kwa desturi hakupaswa kutoka chumbani siku zile, alitoka na hina yake mbichi akiinua mikono juu. Maji yakaanza kuimba. Kidude kimekaa tu. Yakaanza kutoa mapovu. Kidude kimekaa. Nilimsikia Shangazi akisema jina la Mungu chini ya pumzi. Halafu, polepole, bila haraka yoyote, kikafunguka.

Vigelegele vilivyopigwa pale, rafiki yangu, vilisikika hadi sokoni, na baadhi ya watu walikuja mbio wakidhani bwana harusi amefika. "Imeiva!" Haboba akapiga kelele. "Toeni, imeiva!"

Tulikwenda Ludara na kurudi. "Soma," Haboba alisema, nami nikasoma, "Katikati." Mpandoni: "Katikati." Baba alikuwa nyuma kati ya magunia, shingo yake imeingia baina yetu kuutazama mshale kwa macho yake mwenyewe. Hakuitaja pikapu tena.

Siku ya harusi kulitokea ubishi mwingine, mfupi. Watu walisema mama hampeleki mwanawe mwenyewe kwa mume. Hukaa nyumbani akalia. Haboba akasema, "Leo mimi si mama. Leo mimi dereva." Akapanda juu ya mto wake. Mimi nikakaa mahali pangu. Nyuma alikaa Shangazi, amefunikwa, vioo vyote vimepandishwa ili asionekane, na kando yake somo wake, mwanamke mzee aliyemfunda mambo ya ndoa, aliyesinzia tangu Koboko. Baba na wengine walitufuata kwa lori la jirani.

Maracha tuliupita mpando huku mshale umetulia, na Haboba akaimba. Shangazi naye akaimba nyuma ya shela. Alikuwa ameapa kwamba hatalia, na wanawake wa kwetu walikuwa wamesikitika sana, maana bibi harusi asiyelia huambiwa kwamba alikuwa na haraka. Sote watatu tulikuwa na furaha ya ajabu.

Tulipoingia Arua, watu wa bwana harusi walikuwa wametungoja mwanzo wa njia ya kuingilia kwao. Wakalizingira gari kwa ngoma na doluka, densi ya wanawake harusini. Mashemeji, kwa upendo wote, wakafunga mbele ya gari letu shada la maua, juu yake kitenge kikubwa chenye fundo, na juu ya kitenge makuti mabichi. Rejeta yote ikafunikwa. Kisha wanawake wakajipanga mbele, wakaanza kucheza kurudi nyuma, hatua ndogo ndogo, na gari likawafuata kwa mwendo wa kobe.

"Soma," Haboba akasema, akitabasamu kupitia kioo kwa wakwe.

"Katikati." Nikatazama tena. "Imepita kidogo."

Mlango wa mume ulikuwa bado mbali. Wanawake walikuwa wamenogewa, na wengine walikuwa wanaongezeka kutoka kila uchochoro. "Imepita sana, Haboba."

Kusimama na kuzima, hapana. Kushuka na kuyararua maua ya wakwe mbele ya macho yao, hapana. Kumshusha Shangazi, afadhali kufa. Sauti ya Haboba ikawa ya chini kabisa. "Ile rejeta ya pili," akasema. "Ile ya kupasha watu. Inafunguliwa wapi?"

Kulikuwa na kishikio chekundu kwenye dashibodi ambacho tangu nizaliwe hakuna mtu aliyekigusa. Nikakisukuma kwa mikono miwili mpaka mwisho. Kwanza kikapiga kelele ya paka. Kisha matundu yakatema vumbi, majani makavu, kiota cha panya na simsim za misimu mingi, na nyuma ya hayo ukaja upepo wa moto kama wa tanuri la mikate. Jua la mchana, vioo juu, hita wazi. Somo akazinduka akidhani amekufa.

"Mama!" Shangazi akapiga kelele. "Unanipika!"

"Vumilia," Haboba akasema bila kugeuka, bado akitabasamu kwa wakwe. "Ndoa iko hivyo."

Shangazi akaanza kucheka, mimi nikacheka, na Haboba akacheka kwa kubana midomo huku jasho likimdondoka kidevuni. Na mshale, wallahi, ukasimama. Ukakaa chini kidogo tu ya nyekundu, haupandi wala haushuki, mpaka tukaufikia mlango wa mume.

Shela ilipofunuliwa, uso wa Shangazi ulikuwa umelowa wote, wanja umechora mito hadi shingoni, na mabega bado yanatikisika kwa kicheko. Wanawake wa Onduparaka wakashika vifua. "Analia!" wakasema. "Angalieni huyu binti, anajua thamani ya mama yake!" Hata walioshikilia kwamba alikuwa na haraka waliyameza maneno yao. Miguu yake iligusa ardhi ya mlango wa mumewe, na Haboba ndipo akazima injini.

Shangazi sasa ni bibi wa watu. Bado yuko Onduparaka, na siku za mpira anapiga kelele kuliko mumewe. Nikimkumbusha ile hita tunacheka mpaka tunakohoa, lakini kila tukimaliza husema, "Ila nililia kweli, hamkujua tu." Gari liliishi miaka mingine kadhaa, kisha likachoka, likauzwa vipande vipande kwa watu waliokuja kutoka kote. Jirani ametangulia, fundi ametangulia. Njia ya Maracha ina lami, na yule kijana wa gereji hana haja ya kumwita mtu yeyote ainame naye juu ya boneti. Nilimshukuru, kwa kweli alifanya kazi nzuri. Ila hakuna aliyepika chai.

Haboba naye hayupo. Watu wakimtaja hukumbuka harusi, na mimi husimulia harusi kwa sababu wanapenda kucheka. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kurudi.

Tulirudi Koboko jioni ile ile, mimi na yeye. Baba alibaki na wageni. Hita imefungwa, vioo viko chini, upepo mzuri. Njia nzima alisema "Soma," kila baada ya muda mfupi, nami nikajibu "Katikati," na nilichoka, maana mshale haukusogea hata kidogo. Nilimwambia gari limepona, Haboba, huhitaji kuuliza. Akasema, "Soma tu."

Tulipofika uani kwetu giza lilikuwa linaanza kuingia. Akasimamisha gari mlangoni, lakini hakuzima. Tukakaa. Nyumba ilikuwa nyeusi dirisha hadi dirisha, nami nikashangaa kwa nini, kisha nikakumbuka kwamba kuwasha taa ilikuwa kazi ya Shangazi.

Haboba aliitazama ile nyumba kwa muda mrefu. Kisha akageuza ufunguo, injini ikanyamaza, akaweka mkono wake wa moto juu ya kichwa changu.

"Haya, mutoto yangu," akasema. "Kibiriti iko nyuma ya mlango."